Dakika 51 uwanjani: uchambuzi wa kisa cha shule moja katika tetemeko la Machi 2011 nchini Japani

Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki kinahusu shule moja ya msingi ya kaskazini mashariki mwa Japani. Mchana wa Ijumaa, tarehe 11 Machi 2011, baada ya tetemeko kubwa la ardhi, walimu wa shule hiyo walikaa na wanafunzi wao uwanjani kwa karibu saa nzima, huku kilima kikiwa mgongoni mwao, mpaka tsunami ikawafikia. Jina la shule, la mto na la manispaa yameachwa kwa makusudi, na idadi ya watu imetajwa kwa makadirio pale ambapo hesabu kamili ingeitambulisha shule. Tetemeko lenyewe halifichiki, wala hakuna faida ya kulificha, kwa kuwa tabia yake ndiyo inayoeleza kwa nini kila kilichokuwa kimepangwa kilikuwa kidogo kuliko kilichokuja.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama habari ya walimu waliosita. Naona usomaji huo ni mwepesi mno. Mtu akiyafuata maamuzi kwa mpangilio wa saa, ataona kwamba uamuzi uliowagharimu watoto ulikuwa umeshafanywa mezani, kwa maneno machache ya karatasi, miezi mingi kabla ya ardhi kutikisika, na waliokuwa uwanjani siku ile waliurithi bila kujua kwamba wameurithi.

Mazingira ya shule

Shule ilikuwa umbali wa kilomita nne hivi kutoka baharini, kando ya mto mkubwa, kwenye ardhi iliyoinuka mita moja na kidogo tu juu ya usawa wa bahari. Jengo lilikuwa la ghorofa mbili. Bahari haikuonekana kutoka madarasani, kwa kuwa tuta la mto, nyumba na miti viliizuia, na jambo hili dogo lina uzito wake: mtu asiyeiona bahari hujihesabu kuwa mtu wa bara, hata kama mto unaopita mlangoni pake umeungana na bahari hiyo bila kizuizi chochote. Mita mia mbili hivi kutoka shuleni palikuwa na daraja, na karibu na daraja hilo palikuwa na kipande cha ardhi kilichoinuka mita sita au saba.

Nyuma ya shule palikuwa na kilima chenye miti. Wanafunzi walikifahamu vizuri, kwa sababu waliwahi kupelekwa huko kwa masomo ya vitendo ya kuotesha uyoga kwenye magogo.

Wakazi hawakuwa na kumbukumbu ya tsunami kufika pale, ingawa pwani ya eneo hilo ina historia nzito. Mwaka 1896 tsunami iliua watu wapatao 22,000 baada ya tetemeko ambalo wengi walilisikia kama mtikisiko hafifu tu. Mwaka 1933 ikaja nyingine iliyoua watu wapatao 3,000, na mwaka 1960 mawimbi ya tetemeko la Chile yalivuka bahari yote ya Pasifiki na kuua watu zaidi ya 100 nchini Japani. Maafa hayo yote yaliviangukia zaidi vijiji vilivyo ndani ya ghuba nyembamba za pwani ya miamba. Kijiji cha mtoni, kilomita kadhaa ndani, kilikuwa na sababu ya kujiona salama.

Manispaa ilikuwa na ramani ya hatari ya tsunami. Ramani hiyo ilichorwa kwa kuchukulia tetemeko la ukubwa wa takriban 8, la aina iliyokuwa ikitarajiwa katika sehemu hiyo ya bahari, na kwa kipimo hicho maji hayakufika shuleni. Hivyo shule haikuwekwa tu nje ya eneo la hatari, bali ilitajwa kuwa mahali ambapo wakazi wengine wangekimbilia.

Kisha kuna mwongozo wa dharura wa shule. Neno "tsunami" lilikuwa limeongezwa humo pembeni mwa neno "tetemeko", na mahali pa kukimbilia iwapo uwanja wa shule haungefaa paliandikwa kuwa kiwanja kilicho wazi au bustani iliyo karibu, au mahali pa namna hiyo. Katika kijiji kile hapakuwa na bustani wala kiwanja kilichokuwa juu kuliko uwanja wenyewe. Sentensi hiyo ilikuwa ya kujaza nafasi, ya aina inayoweza kuwekwa katika mwongozo wa shule yoyote. Idara ya elimu iliupokea mwongozo huo na haikuurudisha ili urekebishwe.

Tetemeko lenyewe

Mashariki mwa Japani, chini ya bahari, bamba la Pasifiki, yaani kimojawapo cha vipande vikubwa vya miamba vinavyounda gamba la dunia, husogea kuelekea magharibi kwa sentimita 8 hadi 9 kila mwaka na kuzama chini ya bamba lililobeba kaskazini mwa nchi hiyo. Mahali linapoanza kuzama pana mtaro wa bahari wenye kina cha zaidi ya mita 7,000. Kama mabamba hayo yangeteleza bila kukwama, kusingekuwa na habari ya kusimulia. Lakini hukwama. Bamba la chini linapoendelea kushuka, huuvuta ukingo wa bamba la juu na kuukunja polepole, kwa miaka mamia, kama mtu anayeukunja ubao kwa vidole. Siku msuguano unaposhindwa, ukingo ule hurudi kwa kishindo, sakafu ya bahari huinuka, na maji yote yaliyo juu yake, kuanzia chini kabisa hadi usoni, huinuka pamoja nayo. Hapo ndipo tsunami hutofautiana na wimbi la upepo. Wimbi la upepo ni jambo la uso wa maji, ilhali katika tsunami bahari yote kwa kina chake imesukumwa, na ndiyo maana ikifika nchi kavu haivunjiki na kurudi bali huendelea kuingia kwa dakika nyingi.

Saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, sehemu yenye urefu wa kilomita 500 hivi na upana wa kilomita 200 hivi iliachia. Ukubwa wa tetemeko ulikuja kukadiriwa kuwa 9.0. Karibu na mtaro, bamba la juu liliteleza kwa takriban mita 50. Wataalamu wengi hawakutarajia hilo, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba sehemu ya karibu na mtaro, yenye matope na miamba laini, huteleza taratibu bila kulimbikiza nguvu. Sehemu ya pwani ya Japani ilisogea mashariki kwa zaidi ya mita 5, na papo hapo ardhi ya pwani ikashuka, mahali pengine kwa zaidi ya mita moja. Matuta ya mito na kuta za bahari zikawa fupi kabla maji hayajafika.

Je, ilikuwa haijulikani kabisa kwamba jambo hilo linawezekana? Kumbukumbu za kale za Japani zinataja mafuriko makubwa ya bahari katika eneo hilo mwaka 869, na wanajiolojia walikuwa wamekuta mchanga wa bahari hiyo ndani ya mashamba ya mpunga, kilomita kadhaa kutoka ufukweni, na kuchapisha matokeo yao miaka 10 kabla. Lakini safari ya kutoka matabaka ya udongo hadi ramani ya manispaa ni ndefu, na mwaka 2011 ilikuwa haijakamilika.

Mfuatano wa matukio

Mtikisiko mkali ulidumu dakika kadhaa. Wanafunzi walijificha chini ya madawati, kisha wakatolewa nje na kupangwa uwanjani, majina yakaitwa. Mwalimu mkuu hakuwapo shuleni siku hiyo, kwa hiyo uongozi ulikuwa mikononi mwa msaidizi wake. Kulikuwa na baridi, na theluji ilianguka mchana huo. Matetemeko madogo yaliendelea kufuatana, na baadhi ya watoto walikuwa wakilia.

Saa 8:49, dakika tatu baada ya tetemeko, Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Japani ilitoa tahadhari kubwa ya tsunami. Kwa mkoa wa Miyagi, ambamo shule hii ilikuwamo, ilitaja mita 6, na kwa mikoa jirani ya Iwate na Fukushima mita 3. Vipaza sauti vya manispaa vilitangaza tahadhari hiyo, na redio pia.

Wazazi wakaanza kufika. Wanafunzi karibu 30 walikabidhiwa kwa familia zao na kuondoka. Baadhi ya wazazi wamesimulia baadaye kwamba waliwaambia walimu habari ya tsunami na kuwaonyesha kilima. Wakazi wa jirani nao walikuja uwanjani, kwa kuwa ndipo walipoelekezwa kukimbilia, na baadhi yao walikuwa wazee wasioweza kupanda mteremko.

Saa 9:14 mamlaka ilipandisha makadirio ya Miyagi kutoka mita 6 hadi mita 10 au zaidi. Maboya ya baharini yaliyofungwa vipokezi vya setilaiti yalikuwa yameonyesha bahari ikiinuka kuliko ilivyotarajiwa. Kwa wakati huo umeme ulikuwa umekatika katika maeneo mengi ya pwani, na tangazo la pili halikuwafikia wote waliokuwa wamelisikia la kwanza.

Kuelekea saa 9:30, gari la matangazo la manispaa lilipita karibu na shule likipaza sauti kwamba maji yameshavuka msitu wa misonobari ulioko pwani na kwamba watu waende mahali pa juu. Dakika chache baadaye walimu waliamua kuondoka. Hawakuelekea kilimani. Waliwapanga watoto mstari kuelekea kile kipande cha ardhi kilichoinuka karibu na daraja, yaani upande wa mtoni.

Mstari ulikuwa haujafika. Maji yaliyokuwa yakipanda mtoni yalilivuka tuta karibu na daraja, na mengine yakaja kwa nchi kavu kutoka upande wa bahari. Waliokuwa mbele waliyaona, wakageuka, na baadhi wakakimbilia kilima ambacho sasa kilikuwa pembeni yao. Saa za ukutani shuleni zilisimama saa 9:37.

Maamuzi na sababu zake

Kuwatoa watoto madarasani ulikuwa uamuzi sahihi na ulitekelezwa vizuri. Hakuna mtoto aliyepoteza maisha kwa mtikisiko wenyewe.

Kubaki uwanjani kunahitaji maelezo marefu zaidi. Walimu walikuwa na tahadhari ya tsunami mikononi, lakini pia walikuwa na ramani iliyosema maji hayafiki, mwongozo usiotaja mahali, na uzoefu wa siku mbili kabla, tarehe 9 Machi, ambapo tetemeko la ukubwa wa 7.3 lilileta tsunami ndogo isiyomdhuru mtu. Kilimani waliona hatari nyingine zilizokuwa mbele ya macho yao: mteremko wenye utelezi, miti iliyokuwa ikiyumba kwa kila mtikisiko, watoto wa darasa la kwanza, wazee. Maelezo yaliyokusanywa baadaye yanaonyesha kwamba suala la kilima lilijadiliwa, na wenyeji waliokuwapo hawakuwa na kauli moja. Baadhi ya walionusurika wamesimulia kwamba kuna wanafunzi wakubwa waliotaka wapande juu.

Tunaowasoma leo tunaona hatari mbili zisizolingana hata kidogo, yaani mtoto kuteleza na kuvunjika mguu kwa upande mmoja, na watoto wote kuzama kwa upande mwingine. Wao waliona hatari ya hakika inayoonekana mbele ya hatari ya shaka isiyoonekana. Mwalimu akimpandisha mtoto kilimani na mtoto akaumia, kisha maji yasije, ataulizwa kwa nini. Bila idhini ya maandishi, gharama ya kukosea kwa kupanda ilimwangukia mtu mmoja mmoja, na gharama ya kukosea kwa kubaki haikuwa na mwenyewe.

Uamuzi wa mwisho, wa kuelekea darajani, unaonekana wa ajabu, kwa kuwa waliusogelea mto ambao maji yalikuwa yakija nao. Lakini ni uamuzi wa maafikiano. Mahali pale palikuwa juu kidogo, njia yake ilipitika na watu wa umri wowote, na paliwaridhisha kwa sehemu wote waliokuwa wakibishana. Maafikiano ya namna hiyo yanafaa kikaoni. Tsunami ilipofika ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 8 pale shuleni, kwa hiyo hata kama wangefika salama kwenye kipande kile cha ardhi, maji yangewafunika.

Matokeo

Kati ya wanafunzi karibu 80 waliokuwa bado chini ya uangalizi wa walimu, zaidi ya 70 walikufa au hawakupatikana. Kati ya walimu 11 waliokuwa nao, 10 walikufa. Wakazi wengi waliokuwa wamekimbilia hapo walipotea pia. Maji yaliifunika ghorofa ya pili. Kwa nchi nzima waliokufa ni takriban 15,900, na zaidi ya 2,500 hawajapatikana, lakini ni nadra kukuta mahali pengine ambapo watoto wengi kiasi hicho walikufa wakiwa mikononi mwa shule.

Uchambuzi

*Namba ya kwanza.* Ukubwa uliokadiriwa katika dakika tatu za mwanzo ulikuwa 7.9. Tofauti ya 7.9 na 9.0 inasikika ndogo, lakini kwa nguvu iliyoachiliwa ni kama mara 45. Kosa hilo lilikuwa na chanzo cha kiufundi. Njia ya haraka ya kukadiria ilitegemea mawimbi ya tetemeko ya vipindi vifupi, ambayo hufika kikomo, kwa maana kwamba tetemeko likizidi kiasi fulani mawimbi hayo hayaongezeki tena, kama mizani ya dukani inayogota kwenye kilo zake za mwisho hata ukiongeza mzigo. Vipimo vya mawimbi marefu, ambavyo vingesahihisha hesabu ndani ya robo saa, vilikuwa vimepita upeo wake kwa ukali wa mtikisiko. Tena, wakati hesabu ya kwanza inafanywa, mpasuko ulikuwa ndiyo kwanza unamalizika.

Kutoa tahadhari kwa dakika tatu ni kazi ya kusifiwa, na iliokoa maelfu. Udhaifu ulikuwa katika kuipa tahadhari hiyo umbo la hesabu kamili. Mtu akiambiwa mita 3, na mbele ya nyumba yake kuna ukuta wa mita 5, atafanya hesabu ya kutoa na kubaki nyumbani. Namba ya kwanza ndiyo inayokaa kichwani, na inayofuata huja wakati umeme umekatika, simu hazishiki, na mtu ameshaamua. Kwa shule hii, mita 6 dhidi ya kilomita nne za nchi kavu ilionekana kuwa hesabu yenye kutuliza.

*Mto.* Hapa ndipo naona ramani ilikosea kwa namna ambayo mtu wa kawaida, bila kujua lolote kuhusu mabamba, angeweza kuitilia shaka. Kwenye nchi kavu tsunami hupunguzwa kasi na nyumba, miti na mwinuko wa ardhi. Mtoni hakuna kinachoipunguza. Mfereji mpana, laini, uliolala karibu na usawa wa bahari ni barabara iliyofagiliwa. Siku ile alama za tsunami zilionekana umbali wa karibu kilomita 50 kutoka mlangoni mwa mto mmoja wa eneo hilo. Kilichoilinda shule dhidi ya mto ni tuta la udongo, nalo lilikuwa limetikiswa kwa dakika kadhaa na tetemeko lile lile ambalo lingeleta maji, na ardhi chini yake ilikuwa imeshuka. Ramani ililichukulia tuta kama kitu kitakachobaki kimesimama. Umbali wa shule kutoka baharini ulipimwa kwa nchi kavu, wakati ulipaswa kupimwa kwa maji, na kwa maji shule ilikuwa mita mia mbili tu kutoka hatarini.

*Mstari uliobaki mtupu.* Nimetaja maneno "kiwanja kilicho wazi au bustani iliyo karibu". Yanastahili kurudiwa kwa sababu ndiyo kiini cha kisa. Mwongozo wa dharura una kazi moja kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni kuondoa mjadala wakati ambapo hakuna muda wa mjadala. Sentensi inayoelekeza mahali pasipokuwapo haifanyi kazi hiyo, na ina ubaya zaidi ya kutokuwapo kabisa, kwa kuwa inamridhisha mkaguzi. Kisanduku kimejazwa, faili limefungwa, mwaka umeisha. Mjadala uliopaswa kufanyika kwa utulivu, watu wakitembea kilimani na saa mkononi kupima dakika ngapi zinahitajika na mtoto mdogo kuliko wote, uliahirishwa bila mtu kujua hadi saa 8:50 ya siku ya tukio.

*Muda.* Dakika 51 ni nyingi. Katika matetemeko ya aina hii vijiji vingi hupata robo saa au nusu saa tu. Mtu anaweza kudhani kwamba muda mrefu huwasaidia waliokosa mpango, lakini hapa kila dakika iliyopita bila maji iliipa nguvu hoja ya kubaki, na kazi za halali, yaani kuita majina, kukabidhi watoto kwa wazazi, kuwapasha moto waliokuwa wakitetemeka, ziliijaza saa ile na kuifanya ionekane kama saa ya kazi. Sioni dalili ya uzembe katika kazi yoyote kati ya hizo.

Kulinganisha: shule za Kamaishi

Kaskazini zaidi, katika mji wa Kamaishi, wanafunzi karibu 3,000 wa shule za msingi na za kati walinusurika karibu wote, ingawa mji wenyewe ulipoteza watu zaidi ya 1,000. Kwa miaka kadhaa Profesa Toshitaka Katada, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Gunma, alikuwa akishirikiana na walimu wa huko kuwafundisha watoto mambo matatu: wasiamini makadirio, wafanye kila wawezalo, na wawe wa kwanza kukimbia. Somo la kwanza alilifundisha kwa kuwaonyesha ramani ya hatari na kuwaambia kwamba inaweza kukosea.

Katika eneo moja la mji huo, shule mbili zilizo karibu na bahari zilikuwa nje ya eneo la hatari kwenye ramani, sawa na shule ya kisa chetu. Wanafunzi wa shule ya kati walikimbia mara tu mtikisiko ulipopungua. Wa shule ya msingi, waliokuwa wameanza kukusanyika ghorofani, waliwaona wenzao wakikimbia, wakatoka na kuwafuata. Walipofika mahali palipopangwa, mkazi mmoja akawaonyesha ukingo wa kilima uliokuwa umeporomoka, nao wakaamua kwenda mbele zaidi, wakubwa wakiwashika mikono wadogo. Kisha wakasogea tena. Maji yalipafikia mahali pale pa kwanza muda mfupi baada ya wao kuondoka.

Kisa cha Kamaishi huitwa muujiza, jina ambalo silioni kuwa sahihi kwa jambo lililofanyiwa mazoezi. Tena eneo hilo hilo lina upande wake wa giza. Watu wazima wengi walikimbilia jengo la kinga ya maafa la mtaa ambalo halikuwa mahali rasmi pa kujikinga na tsunami, lakini lilikuwa limetumiwa kwenye mazoezi kwa sababu lilikuwa karibu na wazee walilifikia kwa urahisi. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 150 walikufa humo. Miguu ilikwenda ilikozoeshwa kwenda, na zoezi lililorahisishwa ili watu wengi wahudhurie liliwafundisha njia isiyofaa.

Hukumu

Baadhi ya familia za watoto zilifungua shauri. Mwaka 2016 mahakama ya wilaya iliwapa fidia ya zaidi ya yeni bilioni 1.4, ikijikita katika dakika za mwisho: gari la matangazo lilipopita, walimu walipaswa kutambua kwamba maji yanakuja na kuchagua kilima. Mwaka 2018 mahakama ya rufani iliongeza fidia kidogo na kubadilisha kabisa msingi wa hoja. Ilisema kosa lilikuwa la uongozi wa shule na idara ya elimu, ambao kufikia mwisho wa Aprili 2010 walipaswa kuwa wameandika mwongozo wenye mahali halisi, na ikataja eneo la miti lenye mwinuko wa zaidi ya mita 20, umbali wa mita 700 hivi. Ilisema pia kwamba shule iliyo kando ya mto haikupaswa kuipokea ramani bila kuihoji. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliukataa ukataji rufani wa serikali za mitaa, na hukumu ikasimama.

Wapo wanaoona hukumu ya pili ni kali kupita kiasi, kwa kuwa inamtaka mwalimu ajue zaidi ya mchora ramani. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo mahakama haikumtaka mwalimu akadirie ukubwa wa tetemeko. Ilimtaka atazame nje ya dirisha, aone mto, aone tuta, na aulize itakuwaje tuta likivunjika. Swali hilo halihitaji sayansi, na lilikuwa na mwaka mzima wa kuulizwa.

Kilichobadilika

Tangu Machi 2013, tetemeko likionekana kuzidi 8 na ukubwa wake ukawa bado haujathibitika, tahadhari ya kwanza ya Mamlaka ya Hali ya Hewa haitaji mita. Hutumia maneno tu, kwamba tsunami ni kubwa sana au ya juu, na namba hufuata zikishapatikana kwa uhakika. Kwenye sakafu ya bahari mbele ya mtaro umetandazwa mtandao wa vituo 150 vya kupimia mitetemo na uzito wa maji, vilivyounganishwa kwa kebo, ili wimbi lipimwe likiwa bado mbali.

Jengo la shule limehifadhiwa kama lilivyoachwa na maji, na tangu 2021 liko wazi kwa wageni. Kwenye mteremko wa kilima nyuma yake pamewekwa kibao kinachoonyesha mahali tsunami ilipofikia. Kinaonekana kutoka uwanjani, na juu yake kilima kinaendelea.